Namna ya Kumdanganya Kuku na Kumpiku Jirani

Ndugu mfugaji wa Muhuta, huku Burundi, wewe mwenye banda nyuma ya nyumba, katikati ya michikichi na njia inayoteremka Ziwa Tanganyika, sogea hapa. Leo nakufundisha udanganyifu. Kumwuzia mtu yai viza hakuhitaji mwalimu, kwa hiyo hilo tuliache. Nataka umdanganye kuku, uwadanganye vifaranga, umdanganye mwewe, kisha umpiku kwa adabu yule jirani aliyeshusha jogoo mkubwa kutoka Bujumbura na tangu siku hiyo hapiti mlangoni kwako bila kukohoa.

Wazee walisema kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, akilea huchukuliwa na mwewe. Wengi huyasikia maneno hayo kama kilio. Mimi huyasoma kama ratiba ya kazi. Hasara ina milango minne, imetajwa kwa mpangilio, na kila mlango una komeo lake. Tutaifunga yote minne, na njiani tutapita kwenye mashindano ya mbegu, maana najua ndiyo hasa yaliyokuleta.

Kwanza: kariri majina

Mfugaji asiyejua majina hushindwa kabla mizani haijaletwa. Yashike haya, uyatamke polepole mbele za watu.

Kuroiler ni kuku wa India. Kampuni ya Keggfarms, ya Vinod Kapur, ilimtengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya watu wa vijijini wanaofuga kuku wa kujiokotea. Karibu na mwaka 2010 aliingia Uganda, akajaribiwa kwenye nyua za watu wa kawaida, akawapita wa kienyeji kwa uzito na kwa mayai. Sasso ni wa Ufaransa, mwekundu, na baadhi yao wana shingo tupu. Rwanda na Tanzania anauzwa kwa wingi. Rhode Island Red ni wa Marekani, na mwaka 1954 jimbo la Rhode Island lilimtangaza kuwa ndege wake rasmi. Australorp ni mweusi anayeng'aa kijani juani. Alizalishwa Australia kutokana na Orpington wa Uingereza, na katika jaribio la mwaka 1922 hadi 1923 kuku sita wa aina hiyo walitaga wastani wa mayai 309 na nusu kila mmoja kwa siku 365. Leghorn, mweupe, asili yake Italia, ni mtagaji hodari kweli kweli na mzazi asiyejali kabisa.

Sasa ongeza majina ya kwetu kwa sauti ile ile, usiishushe: kishingo, asiye na manyoya shingoni; kidimu, mwenye manyoya yaliyojikunja; kuchi, yule mrefu mwenye kifua cha mpiganaji anayependwa Tanzania na Unguja. Ukitaja kishingo kwa heshima uliyompa Australorp, wasikilizaji nao watamheshimu. Na anastahili. Shingo yake tupu inapoza mwili, na kwenye joto la ukingo wa Tanganyika yeye bado anakula wakati mwenzake aliyevaa manyoya mazito amelala kivulini akihema, mdomo wazi.

Kisha shika jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Kuroiler na Sasso wanaofika kwenye masanduku ni chotara wa kupangwa. Damu zao zimechanganywa kwa hesabu ili kizazi kile kimoja kitoke na nguvu. Ukiwazalisha wao kwa wao, watoto hutawanyika: huyu anamfuata babu, yule anamfuata bibi, wa tatu hamfuati yeyote. Kwa hiyo mtu akikuuzia kifaranga wa Kuroiler aliyeanguliwa uani kwake, mpokee, lakini bei yake iteremshe.

Njia ya mkato ni hii. Usinunue kundi. Tafuta jogoo mmoja mzuri wa kigeni, umweke na matembe wako wa kienyeji wanane hadi kumi. Watoto watachukua sehemu ya mwili wa baba na sehemu kubwa ya akili ya mama, na huku kwetu akili ya mama ndiyo inayojua njia ya kurudi nyumbani jioni. Jogoo wako wa zamani mtoe siku hiyo hiyo, uza au chinja, usimwonee huruma. Halafu subiri wiki tatu kabla ya kuyaita mayai yale ya mbegu mpya. Kuku hutunza mbegu za jogoo tumboni mwake kwa wiki mbili na wakati mwingine zaidi. Jirani aliyeazima jogoo siku ya Jumatatu na kuweka mayai ya Ijumaa huenda ametotoa watoto wa jogoo wa zamani, na sasa anawasifu kwa jina la mgeni. Usimsahihishe. Hifadhi habari hiyo, utaihitaji.

Pili: mfanye atage

Hapa kazi ni fupi. Kuku hutaga pale anapoona mwenzake ametaga. Acha yai moja kwenye kiota kila unapookota mengine, na ukiogopa litaharibika, weka jiwe jeupe la mviringo kutoka ufukweni. Atalitazama, ataridhika, ataketi. Kiota kiwe gizani kidogo, kwa sababu kuku anapenda kuamini kwamba amejificha. Mpe hiyo heshima nawe ujue alipo.

Gamba jepesi linatokana na kukosa chokaa. Wewe unaishi kando ya ziwa lililojaa makombe ya konokono. Yale yaliyosukumwa na mawimbi hadi nchi kavu yaokote, yaponde, uyamwage pembeni ya banda. Anayehitaji atajipimia. Maji yawe ya kutosha na yawe kivulini, maana kuku aliyekunywa maji ya moto mchana kutwa hula kidogo na kutaga kidogo, na mbegu yake itasingiziwa bure.

Kiini cha yai kikiwa cha manjano iliyokolea, mnunuzi ataapa ni cha kuku wa kienyeji wa milimani. Rangi ile inatokana na chakula tu. Majani mabichi, mahindi ya manjano, mabaki yenye mafuta ya mawese: wewe mtu wa michikichi una kiwanda cha rangi hiyo mlangoni. Kitumie kila siku, na mteja akisifu, pokea sifa.

Tatu: aangue, na asijue anachoangua

Huu ndio moyo wa kazi, kwa hiyo kaa vizuri.

Mashine ya kutotolea ni nzuri pale umeme ulipo mzuri. Inataka nyuzi joto 37 na nusu usiku na mchana kwa siku 21, unyevu unaoongezwa siku tatu za mwisho, na mtu wa kugeuza mayai asiyesinzia. Umeme ukikatika saa nane za usiku ukakaa hadi mchana, ulichonacho ni kabati la mayai yaliyopoa. Wewe una mashine yenye manyoya. Anageuza mayai mwenyewe, anayapasha kwa ngozi ya tumbo lake aliyoinyonyoa makusudi, na ujira wake ni punje za mahindi. Hao wa kigeni waliozalishwa kwa ajili ya kutaga tu wameondolewa hamu hiyo kizazi baada ya kizazi. Kuku wa kienyeji anayo tele. Hapo ndipo ujanja wetu unapoingia: mayai yawe ya bei, mlalaji awe wa bure.

Mjaribu kwanza. Kuku anayetaka kuatamia hukaa kiotani hata usiku, hutunisha manyoya, hukoroma ukimkaribia na kukudonoa ukimgusa. Usimpe mayai ya thamani siku hiyo. Mwachie mawe yake, au mayai mawili usiyoyajali, kwa usiku miwili mitatu. Akibaki palepale, amekubali. Kuku havunji yai lake, wazee walisema, na faida yetu ni kwamba hajui lake ni lipi. Usiku wa tatu, taa ikiwa imezimwa, ingiza mkono polepole kutoka nyuma, toa ya uongo, weka ya kweli. Usiseme neno. Asubuhi utamkuta amekaa kwa fahari juu ya watoto wa kuku asiyewahi kukutana naye.

Mayai yenyewe uyachague kwa macho makali. Yasizidi siku saba tangu yatagwe, maana baada ya wiki nguvu ya kuanguliwa hushuka kila siku. Yatunze kwenye kona ya baridi, ncha kali ikitazama chini. Usiyaoshe. Yenye nyufa, makubwa kupita kiasi na yaliyopinda, kaanga. Kumi hadi kumi na mawili yanamtosha kuku wa kawaida. Yule anayewekewa ishirini ili bwana wake apate la kusimulia ataangua machache kuliko mwenye kumi, kwa sababu kila saa kuna mayai manane nje ya bawa yanayopoa, na kesho yatakuwa manane mengine. Tia alama kwa penseli kwenye kila yai. Matembe wengine watakuja kutaga mle mle, na usipoweka alama utakuwa na kiota chenye mayai ya umri tofauti na kuku anayenyanyuka na vifaranga wa kwanza akiwaacha wa mwisho wafe ndani ya magamba.

Sasa ujanja mkubwa. Usiweke kuku mmoja. Subiri wawili au watatu wawe tayari, uwape mayai usiku mmoja. Anayetangulia mwache na mawe yake awasubiri wenzake. Ataongeza siku chache za kukaa bure bila kujua. Siku ya saba, gizani, shika yai moja moja mbele ya tochi ya simu. Lenye mishipa myembamba iliyosambaa kama mizizi lina uhai. Linalopitisha mwanga mtupu halina kitu, liondoe. Mara nyingi utakuta mayai yenye uhai ya kuku watatu yanawatosha wawili. Yahamishie huko, na wa tatu mpe mayai mapya au mwachie huru arudi kutaga. Siku ya 21 vifaranga wote wanatoka pamoja, na umri wao ni mmoja. Mwenye vifaranga wa umri mmoja anaweza kuwachanja siku moja, kuwauza siku moja na kuwapima siku moja, na siku ya mizani hakuna atakayesema wake walikuwa wakubwa zaidi.

Tazama na mwezi. Wavuvi wetu wanatumia taa, kwa hiyo usiku wa mbalamwezi ndagala, yaani dagaa, ni haba na wiki za giza ni tele. Ukiweka mayai mwezi ukiwa mpevu, wiki za giza zitapita kuku akiwa ameketi, wewe utanunua vipande vilivyovunjikavunjika kwa bei ya kuonea huruma, utavikausha, na vifaranga watakapotoka chakula chao kitakuwa mfukoni.

Kuhusu msumari na mkaa chini ya kiota kwa ajili ya radi: kama mama mkwe ameviweka, viache. Havimdhuru kuku, na amani nyumbani nayo ni mtaji. Wewe ongeza majivu na majani makavu ya tumbaku, kwa sababu utitiri ndio unaomfanya kuku akimbie mayai siku ya kumi na tano. Kuhusu yai la ncha kali kutoa jogoo na la mviringo kutoa tetea, hapo usipoteze hata sekunde. Umbo halisemi kitu. Kwa ndege, jike ndiye anayebeba tofauti ya jinsia, kwa hiyo anayejisifu kwamba jogoo wake hutoa matetea tupu anamsifu mtu asiyehusika.

Ukitaka bata alelewe na kuku, kumbuka siku za bata wengi ni 28. Yai la bata liingie wiki moja kabla ya mayai ya kuku, yote yatoke pamoja.

Nne: alee wa wenzake

Kuku anapoangua, ana siku moja au mbili za moyo mpana. Zitumie. Ukipata vifaranga wa sanduku, wa umri ule ule, waingize chini ya bawa lake usiku, mmoja mmoja, huku ukitoa maganda matupu ili mkono wako uwe na sababu ya kuwa pale. Kukipambazuka hatahesabu. Akiamka na kumi na wanane badala ya tisa, atajiona mzazi hodari na atatembea hivyo. Ila usichelewe: baada ya siku kadhaa amezoea sura na sauti za walio wake, na mgeni atadonolewa kichwani.

Usiharakishe kuwalisha saa ile wanapotoka. Kifaranga huja na kiini cha yai tumboni, kinamtosha siku mbili. Ndiyo sababu anaweza kusafirishwa akiwa sandukuni na kufika akipiga kelele. Kinachohitajika mapema ni maji safi kwenye kisahani chenye vijiwe ili asizame. Halafu ndagala waliosagwa, mahindi yaliyopondwa na mchwa ukiwapata. Wale wakubwa wa kuuza wapunguzie samaki, na wiki mbili za mwisho waondolee kabisa, la sivyo mchuzi wa kuku utanukia soko la Rumonge na mteja hatarudi.

Chakula cha vifaranga kiweke chini ya tenga lililoinuliwa kidogo juu ya mawe, mlango wa kimo cha kifaranga. Wakubwa watazunguka tenga wakilalamika, wadogo watakula kwa raha. Bila hilo unamnenepesha jogoo kwa jasho lako.

Na wakifika wiki nne, watenge na mama. Najua, inauma kumsikia akiwaita. Lakini kuku anayeachiwa kulea miezi mitatu hutaga mara tatu tu kwa mwaka, na kila mara mayai kumi na kitu. Anayepumzishwa mapema hurudi kiotani mapema. Mlishe vizuri kabla hujamwomba tena kuatamia, kwa sababu wiki zile tatu za kukaa zimemla mwili. Kuku aliyeatamia mfululizo bila kupumzika anakuwa manyoya na mifupa, na hapo udanganyifu umegeuka ukatili. Hilo mimi sikufundishi.

Tano: mashindano

Siku imefika. Jirani anakuja na jogoo wake kwapani. Usiogope. Katika mashindano ya mbegu mshindi ni yule anayechagua kipimo, kwa hiyo kipimo ukichague wewe, na uwe wa kwanza kusema.

Yeye ana Sasso au Kuroiler? Usikubali mizani. Pendekeza kuatamia: nani ana kuku aliyeangua mayai kumi kati ya kumi na mawili? Yeye ana Leghorn? Usikubali kuhesabu mayai. Pendekeza nyama, au pendekeza wote waachiwe huru wiki mbili bila chakula cha mfuko, halafu tuone nani amebaki anatembea. Ana vyote hivyo? Uliza wangapi alikuwa nao mwaka jana na wangapi anao leo. Swali hilo limewanyamazisha wakubwa. Na kwa kuwa kila mbegu ina jambo moja inaloliweza kuliko zote, hakuna siku utakayokosa pa kusimama, na papo hapo hujasema uongo hata kidogo.

Ikibidi mizani, jua hila zake kabla hajazitumia. Kuku aliyepimwa jioni amebeba gole lililojaa pumba na maji. Dai wapimwe asubuhi kabla ya kula. Muulize kuku wake alianguliwa lini, kisha kamuulize mtoto wake. Mwangalie kama ameleta jogoo bora kati ya ishirini ili ashindane na huyu wako uliyemkamata kwanza. Nawe chagua aliye bora, au mtake alete watano bila kuchagua na apime wote. Muulize wake wanakula nini. Kuku wa kigeni aliyelishwa chakula cha dukani na wa kienyeji anayejiokotea chini ya michikichi hawakushindana mbegu, walishindana mifuko ya wenyewe. Na kama ni yule aliyeazima jogoo Jumatatu, sasa itoe ile habari uliyoihifadhi, kwa upole.

Usione aibu kupenda sifa hizi. Watu wameugua homa hii kabla yetu, tena wakubwa. Mwaka 1849 huko Boston, Marekani, maelfu ya watu walifurika kwenye maonyesho ya kuku kuona mbegu kubwa zilizotoka Uchina. Mfanyabiashara mmoja, George Burnham, mwaka 1852 alimpelekea Malkia Victoria wa Uingereza zawadi ya kuku wakubwa wa kijivu, habari ikaenea magazetini, na wanunuzi wakamjia mbio. Kuku wale wale walikuwa wakiitwa kwa majina chungu nzima, kila muuzaji na lake. Mwaka 1855 Burnham mwenyewe akaandika kitabu cha kuieleza homa ile, wakati imeshashuka. Waliouza homa ikiwa juu walijenga. Walionunua siku za mwisho walibaki na kuku, kuku tu. Kwa hiyo jina jipya likipita huku likitajwa kila genge kutoka Gitaza mpaka Rumonge mjini, na bei ya kifaranga ikiwa haishikiki, hapo ndipo pa kuuza. Kununua kutasubiri.

Na ukishindwa? Utashindwa siku moja, na nataka ushindwe kwa ustadi. Mshindi wa mashindano ya kuku ni mtu mkarimu kwa muda wa nusu saa. Ndani ya nusu saa hiyo sema:

"Mzee, huyu jogoo hana mwenzake barabara hii yote."

"Ndivyo ilivyo, mwanangu. Mwenyewe nashangaa."

"Sasa mbegu kama hii ikiishia uani kwako peke yake, sisi wengine tutapata hasara. Nipe mayai kumi na mawili, Mzee. Watoto wakikua nitawaambia watu walitoka kwako."

Atayatoa. Atayachagua mwenyewe, makubwa makubwa, na huenda akakufungia kwenye majani ya mgomba. Wewe nenda polepole, usiyatikise, na usiku uyaweke chini ya kuku wako wa kienyeji aliyekwisha kukubali. Yeye amebaki na sifa, wewe umeondoka na mbegu.

Sita: mwewe, na yule aliyesahauliwa na wazee

Mwewe ni rahisi. Kifaranga mweupe anaonekana kutoka mbali; wa rangi ya udongo na madoa hapotezi maisha ovyo. Usiwaachie uwanja mtupu wiki nne za kwanza. Waache chini ya mihogo au chini ya migomba, ambako mwewe hawezi kushuka kwa kasi. Mama wa kienyeji akipiga ile sauti ya hatari, watoto wake wote hulala chini mara moja. Vifaranga wa sanduku waliokosa mama hawana wa kuwapigia sauti hiyo, husimama wakitazama juu. Ndiyo maana nilikuambia wape mama wa kufikia.

Lakini wazee walisahau mgeni wa tano: mdondo, wengine wanauita kideri. Ulipewa jina la Newcastle, mji wa Uingereza ulikotambuliwa mwaka 1926. Hauulizi Kuroiler wala kishingo. Kuku anazubaa, anaharisha kijani, shingo inapinda, na uwanja uliokuwa na arobaini unabaki na watatu. Dawa ya kuuponya haipo. Mabishano yote ya mbegu niliyokueleza hapo juu yana maana kwa kuku waliochanjwa tu. Kwa wasiochanjwa, mbegu bora ni ile ambayo mdondo haujaifikia bado.

Chanjo ipo. Ile iitwayo I-2 ilitokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia, ikakusudiwa vijiji visivyo na jokofu, kwa hiyo inavumilia joto kuliko nyingine. Ni tone moja kwenye jicho moja, kila baada ya miezi mitatu au minne, kwa mkubwa na kwa mdogo. Muulize mganga wa mifugo wa komini ana chanjo ipi na namna ya kuitunza. Tatizo ni kwamba chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wako, ikishafunguliwa haikai, na kuku wa jirani ambaye hakuchanja atauleta ugonjwa hadi mlangoni kwako. Ukimwambia jirani achangie, atasema atafikiri.

Kwa hiyo mdanganye kwa mara ya mwisho. Tangaza mashindano. Sema kila mtu abaki na kuku wake uani kwake, wote wafungiwe tangu jioni, nawe utapita alfajiri na mizani kabla hawajala. Hakuna atakayekataa, kila mmoja ana jogoo anayetaka aonekane. Mchango wa mashindano uwe sawa na bei ya sehemu yake ya chupa. Alfajiri zunguka na mizani mkono mmoja, chanjo mkono wa pili, na uoshe nyayo zako kwa sabuni unapotoka kila ua. Kila kuku anayepanda mizani anapata tone. Kuku mgonjwa usimguse, na mwenye ua huo mrudie mwisho wa safari. Kazi yote iishe ndani ya saa chache, chupa ikingali kivulini na imefungwa kwa kitambaa kibichi. Matone yakibaki, nenda kwa yule bibi mwenye kuku wawili ambaye hakuna aliyemwalika. Wachanje wote wawili, uwapime, na uandike majina yao kwenye orodha pamoja na majogoo.